Jina la Ugonjwa na Kauli ya Mgonjwa: Lugha katika Utafiti wa Tiba na Kinga ya Sonona

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi katika Kiswahili umekuwa ukienda njia moja kwa muda mrefu. Dhana huwa imo katika lugha ya kigeni, neno halimo katika Kiswahili. Kwa hiyo neno hutafutwa, husanifiwa na husambazwa. Kwa istilahi za kemia au za uhasibu utaratibu huu hauna madhara makubwa. Molekuli haibadiliki tabia kwa sababu imepewa jina hili badala ya lile. Lakini yapo maradhi ambayo hayana kipimo cha damu wala picha ya eksirei, na ambayo ushahidi wake karibu wote ni maneno ya mgonjwa mwenyewe. Sonona ni mojawapo. Mgonjwa asipoyasema anayoyasikia, au akiyasema kwa kauli ambayo hojaji haikuitarajia, huhesabiwa kuwa mzima na kurudishwa nyumbani.

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika utafiti wa kitabibu kuhusu sonona, hasa utafiti uliofanywa katika lugha za Kibantu tangu miaka ya 1990. Hoja inayotetewa ni kwamba juhudi za wanaistilahi wa Kiswahili zimeelekezwa mno kwenye nomino, yaani jina la ugonjwa, ilhali mgonjwa huzungumza kwa vitenzi na mafungu ya maneno ambamo moyo, mawazo na nafsi hutendana. Utafiti uliofanikiwa katika lugha jirani ulianza na vitenzi hivyo. Kwa maana hiyo, kazi ya mwanaisimu katika utafiti wa aina hii si kupamba tafsiri baada ya madaktari kumaliza kazi yao, bali ni sehemu ya kukiunda chombo chenyewe cha kupimia.

Neno sonona linatumika hapa kwa maana ya kitabibu: hali ya huzuni au ya kupotewa na hamu ya mambo, inayodumu walau wiki mbili, ikiandamana na dalili kama vile kuvurugika kwa usingizi na hamu ya chakula, uchovu, kujiona hufai, kushindwa kutuliza fikra na, kwa baadhi ya wagonjwa, kutamani kufa.

2.0 Nomino za Wataalamu

Istilahi zinazoshindana katika maandishi ya afya ya Kiswahili ni kadhaa: sonona, mfadhaiko, huzuni, unyong'onyevu, unyogovu, na hata msongo wa mawazo. Kila moja ina kasoro yake ya kisemantiki. Huzuni ni hisia ya kawaida. Aliyefiwa na mama yake ana huzuni, na hakuna anayemwita mgonjwa. Mfadhaiko, kutokana na kitenzi fadhaika, hubeba maana ya kuhangaika na kubabaika, na hivyo humwacha nje mgonjwa aliyenyamaza kimya pembeni. Unyong'onyevu huueleza mwili uliolegea, lakini hauugusi moyo. Msongo wa mawazo umekwisha kuchukuliwa na dhana nyingine, ya kubanwa na shinikizo la maisha.

Sonona, ambalo limeenea zaidi nchini Tanzania, linastahili kuchambuliwa kwa kina kidogo. Mzizi wake ni -sonon-, na ukoo wake ni sonona, sononeka, sononesha, masononeko. Katika matumizi ya mazoea, sonona ni kitenzi elekezi: jambo fulani humsonona mtu, yaani humchoma kwa ndani. Anayechomwa ndiye anayesononeka, kwa kauli ya kutendeka ambayo humwonyesha mtu akiwa katika hali bila kumtaja mtendaji. Kinachoshangaza ni kwamba istilahi imejengwa kwa shina la kitenzi elekezi, bila kiambishi chochote cha unominishaji, kisha ikaingizwa katika ngeli ya 9: sonona hii, sonona inatibika. Kwa maneno mengine, lililofanywa jina la ugonjwa ni lile linalouma. Hali ya anayeumwa imebaki katika sononeka na masononeko. Hili si kosa la kulitupa neno, kwani lugha hai imejaa majina yaliyopatikana kwa njia zisizo nyoofu, na neno hili limekwisha kukubalika. Ila linaonyesha jinsi jina linavyoweza kuachana na kauli ambayo mwenye maumivu huitumia. Ni nadra kumsikia mtu akisema “nina sonona” kabla hajaambiwa hivyo na daktari. Husema “nasononeka”, na mara nyingi zaidi husema mambo mengine kabisa.

3.0 Vitenzi vya Wagonjwa

Mambo hayo mengine ni yapi? Msemaji wa Kiswahili ana angalau mifumo mitatu ya kueleza hali hii.

Mfumo wa kwanza ni wa mawazo. Linganisha:

(1) a. Ana wazo.
    b. Ana mawazo.

Tofauti ya (1a) na (1b) si ya idadi peke yake. Mwenye wazo amepata la kusema kikaoni. Mwenye mawazo amepatwa. Wingi wa nomino hii ya ngeli ya 5/6, ukikaa peke yake bila kivumishi, huwa na maana ya taabu ya nafsi ambayo umoja wake hauna. Aidha, mawazo yakiwa mengi hupanda na kuwa kiima, na mtu hushuka na kuwa yambwa: mawazo yamemzidi, yanamsumbua, yamemwandama, hayamwachi alale. Sarufi yenyewe inamwonyesha mgonjwa akiwa mtendwa wa fikra zake. Hojaji inayomuuliza kana kwamba yeye ndiye mtendaji, kwa mfano “Je, unafikiri sana?”, humlazimisha kuigeuza sentensi yake kichwani kabla hajajibu. Tena kufikiri sana kwa Kiswahili ni sifa njema. Mwanafunzi bora hufikiri sana.

Mfumo wa pili ni wa moyo na roho. Moyo huuma, huwa mzito, hufa, huvunjika. Hapa ni muhimu kuutazama mhimili wa sitiari. Katika Kiingereza, furaha iko juu na huzuni iko chini. Hata jina la ugonjwa katika lugha hiyo linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukandamiza chini. Watafsiri wengi huubeba mhimili huo bila kutambua. Lakini katika Kiswahili aliye chini ni maskini au mwenye cheo kidogo, na aliyekaa roho juu hana furaha hata kidogo, ana wasiwasi. Mhimili wa Kiswahili ni wa kubanwa na kufunguka. Dhiki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni wembamba wa nafasi. Faraja, kwa asili hiyo hiyo, ni kufunguka kwa kilichobana. Methali inayoyaweka maneno haya mawili katika mfuatano inajulikana na kila msomaji. Mwenye furaha ana moyo mkunjufu, na mwenye kero amekunja uso. Mtafiti anayetaka kuuliza juu ya huzuni kwa sitiari ya Kiswahili hana budi kuuliza juu ya kubanwa, si juu ya kushuka.

Mfumo wa tatu ni wa kiambishi cha kujirejea -ji-. Msamiati wake ni mpana kuliko inavyodhaniwa: kujilaumu, kujichukia, kujisikitikia, kujiona hufai, kujitenga, kujifungia, kujikunyata, kujiinamia. Mwili na nafsi vimo humo pamoja. “Amejiinamia” ni maelezo ya mkao, lakini hakuna msikilizaji wa Kiswahili anayeyachukua kuwa ya mkao tu.

Ipo dalili nyingine ambayo haiko katika mfumo wowote kati ya hii mitatu, nayo ni salamu. Katika jamii ya Waswahili kuitikia salamu si hiari. Mtu anayepita bila kuamkia, au anayeamkiwa akabaki kimya, watu wa mtaani humtambua mara moja kuwa ana jambo. Hojaji za kimataifa hazina kipengele hicho, na hakuna sababu ya kuwa nacho. Lakini chombo kilichoundwa kwa ajili ya Kiswahili kingekosea kukiacha bila angalau kukijaribu.

4.0 Ushahidi wa Lugha Jirani

Madai haya yangebaki nadharia tupu kama yasingekuwa yamejaribiwa hospitalini na vijijini. Yamejaribiwa, na matokeo yake ni miongoni mwa matokeo mazuri zaidi katika historia fupi ya utafiti wa afya ya akili barani Afrika.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Zimbabwe. Vikram Patel na wenzake, wakifanya kazi mjini Harare katika miaka ya 1990, hawakuanza na orodha ya Ulaya. Walianza na namna wasemaji wa Kishona wanavyoieleza taabu ya nafsi, na mwaka 1997 wakachapisha hojaji ya vipengele 14 iliyotokana na kauli hizo. Kauli kuu ni kufungisisa:

(2) ku-fung-isis-a
    “kufikiri kupita kiasi”

Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na mfanano: -funga ya Kishona ni kufikiri, si kufunga mlango. Kiambishi -isis- ni cha mkazo, nacho huonyesha kitendo kilichotendwa kwa wingi au kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kiswahili hakina kiambishi hai cha namna hiyo. Hutegemea uradidi (wazawaza) au vielezi (mno, kupita kiasi). Mwaka 2013 neno kufungisisa liliingizwa katika toleo la tano la mwongozo wa uainishaji wa maradhi ya akili wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, likiwa miongoni mwa dhana za kitamaduni za taabu ya nafsi.

Mradi wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare, ulijengwa juu ya msingi huo. Wahudumu wake ni wanawake wa makamo na wazee wa mtaani, waliofunzwa kumsikiliza mgonjwa na kumsaidia kutatua tatizo moja moja, wakiwa wameketi kwenye benchi katika uwanja wa zahanati. Mwanzoni benchi hilo liliitwa kwa jina lililotaja afya ya akili, na watu hawakulikaribia. Akina bibi wenyewe ndio waliotaka libadilishwe jina. Likaitwa Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mashauri. Kiambishi cha kutendana -an-, ambacho Kishona na Kiswahili vimekirithi kwa pamoja, kinafanya kazi kubwa hapa: katika jina hilo hakuna anayetibu wala anayetibiwa, bali wapo wawili wanaopeana.

Hatua za tiba nazo zina majina ya Kishona: kuvhura pfungwa (kufungua fikra), kusimudzira (kuinua), na kusimbisisa (kuimarisha sana). Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, pfungwa ni nomino ya ukoo ule ule wa kufungisisa, na kitenzi kinachoandamana nayo ni cha kufungua, mhimili uleule wa dhiki na faraja uliotajwa katika sehemu ya 3.0. Pili, hatua ya mwisho ya tiba inabeba kiambishi kilekile kilichomo katika jina la ugonjwa. Mgonjwa huingia na -isis- ya mawazo, hutoka na -isis- ya nguvu. Hakuna haja ya kudai kwamba waliobuni majina haya walikusudia mofolojia hiyo. Inatosha kwamba msemaji wa Kishona huisikia bila kufunzwa.

Matokeo ya jaribio la mradi huu yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA. Watu 573 walishirikishwa katika zahanati 24 za Harare, zilizogawanywa kwa nasibu. Baada ya miezi 6, wastani wa alama katika hojaji ya Kishona ulikuwa 3.81 kwa waliopitia benchi na 8.90 kwa kundi la kulinganishia. Waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 katika kundi la kwanza na asilimia 49.9 katika kundi la pili. Tofauti kubwa kiasi hiki haiwezi kuhusishwa na lugha peke yake, na makala haya hayadai hivyo. Kinachodaiwa ni kwamba bila hojaji iliyotokana na Kishona chenyewe, wagonjwa wengi wasingetambuliwa kuwa wanafaa kuketi hapo kwenye benchi.

Uganda inatoa ushahidi wa aina nyingine. Paul Bolton na wenzake, walipofanya kazi katika wilaya za Masaka na Rakai ambako ukimwi uliua watu wengi, walianza kwa kuwauliza wanavijiji waorodheshe matatizo yao kwa maneno yao wenyewe. Zikapatikana hali mbili zinazokaribiana na sonona:

(3) a. okwekyawa: kujichukia
    b. okwekubagiza: kujisikitikia

Zote mbili zimejengwa kwa kiambishi cha kujirejea cha Kiganda, ambacho kikazi ni ndugu wa -ji- ya Kiswahili. Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 2003, lilihusisha vijiji 30 na watu 248. Wanaume walikuwa na vikundi vyao na wanawake vyao, wakikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16 chini ya viongozi wasio madaktari. Mwishoni, waliotimiza vigezo vya sonona walikuwa asilimia 6.5 ya waliokuwa katika vikundi, dhidi ya asilimia 54.7 ya wasiokuwa humo.

Helen Verdeli na wenzake, waliourekebisha mwongozo wa tiba hiyo, walikumbana na tatizo la adabu ya usemi. Tiba yenyewe ilibuniwa Marekani, na humtaka aliyefiwa aeleze mazuri na mabaya ya aliyekufa. Vijijini Uganda kumsema vibaya marehemu ni mwiko, kwa hiyo swali lilibadilishwa likawa juu ya nyakati ambapo marehemu alimvunja moyo msemaji. Vivyo hivyo, mke hakutarajiwa kumkabili mumewe kwa maneno ya waziwazi. Ilibidi zitafutwe njia nyingine za kufikisha ujumbe. Mwanaisimu wa Pwani hapa huikumbuka kanga. Mwanamke wa Mombasa au Unguja ana chombo kizima cha kusema bila kusema, na mwongozo wa tiba unaokipuuza chombo hicho na kumfundisha “kujieleza moja kwa moja” unamfundisha ukosefu wa adabu.

Huko Rwanda, katika utafiti wa Bolton uliochapishwa mwaka 2001, kauli iliyojitokeza miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ilikuwa ya nomino na kirejeshi: agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Hii imekuja kuwa istilahi ya kawaida ya sonona nchini humo. Ni mfano wa istilahi iliyotoka vinywani mwa watu ikapanda hadi kwa wataalamu, kinyume cha njia ya sonona.

Tahadhari inahitajika, hata hivyo. Bonnie Kaiser na wenzake walipopitia machapisho 138 kuhusu kauli za “kufikiri sana” kutoka sehemu mbalimbali za dunia mwaka 2015, walionyesha kwamba kauli hizo hazilingani moja kwa moja na sonona. Huingiliana pia na wasiwasi, na majonzi ya msiba, na ugumu wa maisha tu. Anayeichukua “ana mawazo” na kuifanya kisawe cha sonona anarudia kosa lilelile la wanaistilahi kwa upande wa pili. Mtu asiye na karo ya mwanawe ana mawazo, na dawa yake ni karo.

5.0 Hojaji ya Kiswahili

Kiswahili hakijaachwa nyuma kabisa. Mjini Dar es Salaam, Sylvia Kaaya na wenzake walithibitisha mwaka 2002 matumizi ya orodha ya dalili ya Hopkins kwa wajawazito wenye virusi vya ukimwi, na mwaka 2008 wakachapisha chombo cha vipengele 19 kilichoundwa hapohapo Tanzania. Nchini Kenya, hojaji ya PHQ-9 ilitafsiriwa na kuthibitishwa kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo mwaka 2006, na mwaka 2009 ikatathminiwa kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi magharibi mwa nchi hiyo. Hojaji hiyo ya vipengele tisa, kila kimoja kikiwa na alama 0 hadi 3, ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo inayofaa kutazamwa kwa jicho la sarufi. Hoja zifuatazo hazilengi tafsiri fulani. Zinahusu mitego ambayo Kiswahili humwekea mtafsiri yeyote.

Mtego wa kwanza uko katika majibu, kabla hata ya maswali. Mhojiwa huulizwa ni mara ngapi amesumbuliwa katika wiki mbili zilizopita, na jibu mojawapo ni “zaidi ya nusu ya siku”. Nomino siku ni ya ngeli ya 9/10 na haibadiliki kwa wingi. Fungu hilo basi lina maana mbili: zaidi ya nusu ya idadi ya siku zile, au zaidi ya nusu ya siku moja, tuseme kuanzia asubuhi hadi alasiri. Anayehuzunika kila siku, lakini asubuhi tu, anaweza kulikwepa jibu hilo kwa uaminifu kabisa. Kwa kuwa kizingiti cha kawaida cha hojaji hii ni alama 10 kati ya 27, alama moja au mbili zinazopotea kwa sababu ya ngeli zinatosha kumhamisha mtu kutoka orodha ya wagonjwa hadi orodha ya wazima. Dawa yake ni rahisi: “zaidi ya siku saba kati ya hizo kumi na nne”.

Mtego wa pili ni wa ukanushi. Kipengele cha kwanza kinahusu kukosa hamu. Kikisomwa kwa sauti na mhojaji mwenye haraka, hugeuka kuwa “Hukuwa na hamu?” Katika Kiswahili, ndiyo huthibitisha kauli iliyotamkwa, iwe yakinishi au kanushi:

(4) Swali: Hukulala?
    a. Ndiyo, sikulala.
    b. Hapana, nililala.

Lakini wasemaji waliosoma sana Kiingereza hujibu pia “Hapana, sikulala”. Mhojaji akiandika neno la kwanza tu la jibu, na ndivyo fomu zinavyomtaka, dalili hupotea au huzuliwa. Kipengele hicho kingeandikwa kwa kitenzi yakinishi chenye maana ya upungufu, kama vile kupotewa na hamu au kuishiwa hamu, utata usingekuwapo.

Mtego wa tatu ni kiunganishi au. Vipengele kadhaa huunganisha dalili zinazopingana, kama kukosa usingizi au kulala kupita kiasi. Msomaji wa fomu huelewa kwamba lolote kati ya mawili linatosha. Anayesomewa kwa sauti hulisikia kuwa swali la kuchagua, akajibu “kukosa usingizi”, na mhojaji hubaki bila namba ya kuandika.

Utaratibu wa kawaida wa kuhakiki tafsiri, yaani kuirudisha katika lugha chanzi na kulinganisha, haugundui hata mtego mmoja kati ya hii. “Zaidi ya nusu ya siku” ikirudishwa na mtafsiri anayejua kinachotafutwa hurudi ikiwa sahihi kabisa. Kinachohitajika ni kumwomba mhojiwa aeleze kwa maneno yake alivyolielewa swali, na wahojiwa hao watoke Lamu, Tabora, Mwanza na Bujumbura, si chuo kikuu.

Kuhusu kinga, jambo moja linatosha kutajwa. Jaribio lililofanywa nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2021, chini ya jina la Kiswahili Shamiri, liliwahusisha vijana 413 wa shule za sekondari. Mikutano ilikuwa minne tu, ikiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni, na mada zilikuwa kukua, kushukuru na kuyatambua mambo ambayo mtu anayathamini. Lugha ya ugonjwa iliepukwa. Dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua kuliko katika kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Somo la Mbare kuhusu jina la benchi linajirudia hapa: nomino ya daktari, hata ikiwa sahihi, huweza kuwa kizuizi mlangoni.

6.0 Kipengele cha Tisa

Kipengele cha mwisho cha PHQ-9 huuliza juu ya mawazo ya kwamba afadhali kufa, au ya kujidhuru. Ndicho kinachoweza kuokoa maisha moja kwa moja, na ndicho kigumu zaidi kukitia katika Kiswahili.

Kwa upande mmoja, kifo kimejaa katika mazungumzo ya kila siku bila maana ya kifo: watu hufa kwa njaa, hufa kwa kicheko, na “bora nife” husemwa na aliyepoteza simu. Kwa upande wa pili, kujiua ni neno zito kiasi kwamba Mwislamu na Mkristo wote hulikana kabla halijamalizika kutamkwa, kwa sababu ni dhambi. Nchini Kenya kujaribu kujiua kulikuwa pia kosa la jinai, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu hicho Januari 2025. Mhojiwa aliyehofu kwamba jibu la ndiyo lingechukuliwa kuwa kukiri kosa alikuwa na sababu nzuri ya kusema hapana. Wahojaji nao hulikwepa swali, wakihofu kwamba kuliuliza ni kulipanda wazo. Utafiti uliokwisha kufanywa hauungi mkono hofu hiyo. Kuuliza hakujaonekana kuchochea.

Kati ya utani na dhambi kuna eneo ambalo wasemaji hulitumia, nalo limejaa vitenzi vya kuchoka na kupumzika: kuchoka na dunia, kutamani kulala usiamke, kumwomba Mungu akuchukue. Kauli hizi haziko daraja moja. Ya mwisho, ikitoka kwa ajuza wa miaka 90, huenda ni ibada. Ikitoka kwa mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, ni ya kumfanya mhudumu aweke kalamu chini. Kwa hiyo swali la Kiswahili haliwezi kuwa moja. Linapaswa kuanza na kuchoka, lipite kwenye kutamani kutoamka, lifike kwenye kama mtu amefikiria namna ya kufanya, na mwisho kabisa litaje kujiua kwa jina lake, kwani wapo ambao hawatakiri mpaka waone kwamba aliye mbele yao halionei haya neno hilo. Mpangilio huo haujapimwa bado kwa wasemaji wa lahaja mbalimbali, na ni kazi inayoweza kuanza katika muhula mmoja, ikiwa mwanafunzi mmoja wa isimu atapelekwa kukaa zahanati na kuandika, neno kwa neno, wanavyosema wagonjwa kabla daktari hajawaambia wana nini.